Mweusi Juu, Mwekundu Chini

Mama yangu na mume wangu waliishi kiwanja kimoja miaka na miaka, na katika miaka yote hiyo walisemezana siku moja tu, tena kwa kupigiana kelele, mvua ikiwanyeshea. Asije mtu akadhani walikuwa na ugomvi. Walikuwa wakiheshimiana. Na hiyo heshima, jamani, nusura ituhamishe mlimani.

Kwetu Dindira, enzi zile za Mwingereza, mkwe wa kiume hakuwa mtu wa kuzungumza na mama mkwe. Hakumtazama usoni, hakula mbele yake, hakukaa alipokaa yeye. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini kumpisha mwenzake. Mume wangu alikuwa na kikohozi cha makusudi: akikaribia kona ya nyumba ya mama anakohoa, mama anavuta kaniki usoni na kugeukia ukuta, na yeye anapita haraka huku kichwa kimeinama. Wageni walidhani ana kifua. Kwao Mkata, kwa Wazigua, mambo yalikuwa hivyo hivyo, kwa hiyo katika jambo hilo hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Shida ni kwamba kwa kawaida mke ndiye anayehamia kwa mume, na mama mkwe anabaki kwake huko, wanaonana kwa nadra. Sisi tulikuwa kinyume. Mume wangu alitoka Mkata kuja kukata mkonge huku chini karibu na Korogwe, na mimi nilikuwa nikishuka siku za soko na ndizi na maharage. Akawa ananunua ndizi ambazo hali. Nilipogundua kwamba anawagawia wenzake kambini, nikajua huyu hana shida na ndizi. Alipoleta wazee wake nikasema wazi kwamba sihami. Baba alikuwa ameshafariki, kaka sina, mama yuko peke yake na shamba la mteremko, nani angemshikia jembe? Basi akapanda yeye. Watu wa kwetu wana midomo, wakawa wanamtania kwamba yeye ndiye aliyeolewa. Alicheka nao, lakini nilimwona usiku anavyogeukageuka.

Sasa niseme habari ya hilo shamba, maana kila kitu kilitokana nalo.

Lilikuwa moja tu. Lilianzia juu kabisa, chini ya miamba, likateremka mpaka nyuma ya nyumba ya mama, na chini ya nyumba kuna migomba, halafu bonde na kijito. Mteremko mkali, mgeni akisimama pale anatafuta pa kushika. Lakini udongo wake ulikuwa mweusi, laini, ukitia mkono unazama bila kulazimisha, na ukiutoa unanukia mvua hata wakati wa kiangazi. Haukuwa hivyo kwa bahati. Mama aliutengeneza. Kila akivuna, mabua ya mahindi hakuyachoma. Aliyalaza kwa mistari kukingama mteremko, akayabana kwa mawe na vigogo vya migomba. Samadi ya mbuzi aliimwaga nyuma ya mistari hiyo. Maharage yalitambaa chini ya mahindi, viazi vikafunika palipobaki. Maji yakija yanakutana na mabua, yanapumzika, yanaacha yalichobeba, ndipo yanaendelea. Kwa macho ya mtu asiyejua, shamba la mama lilikuwa chafu.

Na chini ya ule mweusi ulikuwepo mwekundu. Mgumu, wa kufinyangia vyungu. Jirani yetu wa upande wa pili wa mlima mweusi wake ulikwisha kwenda na maji, akabaki na mwekundu. Alilima misimu kadhaa akipata mahindi ya urefu wa goti, kisha akafunga mlango, akachukua mke na watoto, wakashuka kwenye kambi za mkonge. Nilikuwa nikipita pale kwake naona mlango umefungwa kwa kamba. Mama hakunificha. Aliniambia, "Mwanangu, ule mweusi ukituondokea, na sisi ni kule kule." Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza. Sikutaka mwanangu azaliwe kambini, nikilala nikiamka nawaza hilo tu.

Ikaja amri ya matuta. Jumbe alimtuma tarishi wake nyumba hadi nyumba: kila mwenye shamba la mteremko achimbe matuta kabla ya masika, atakayekaidi ataitwa barazani, na barazani huko kila mtu alijua kuna faini na kuna kulala ndani. Mama akamwonyesha tarishi mistari yake ya mabua. Tarishi akatazama, akasema, "Bibi, mimi nimetumwa matuta. Mabua sikutumwa." Akaenda zake.

Mama akanigeukia mimi. Yeye hakuwa tena na mgongo wa kuchimba mlima mzima. Mimi miguu ilikuwa imevimba. Alibaki mkwe.

Mume wangu alilipokea jambo hilo kwa furaha, na hapo ndipo roho yangu ilipoanza kuwa juu juu. Kwa muda mrefu alikuwa akitafuta kazi ya kuwafunga midomo wale watani. Akanisimulia hadithi za kwao, jinsi baba yake alivyokuwa bingwa wa matuta pale Mkata, jinsi watu walivyokuja kuyatazama yalivyonyooka. Nilimuuliza, "Kwenu si tambarare?" Akasema, "Tuta ni tuta."

Siku aliyoanza, mama na mimi tulikuwa msituni kuokota kuni. Tunarudi, naona moshi. Moshi mnene, mweupe, unatoka kwetu. Nikadhani nyumba! Nikatupa mzigo, nikashika tumbo, nikakimbia kama nilivyoweza. Nyumba zilikuwa salama. Mume wangu alikuwa amesimama katikati ya shamba, jasho linamtoka, uso umejaa furaha, na mbele yake mistari yote ya mabua, mistari ya miaka na miaka, amekwisha kuikusanya na inaungua. Shamba lilikuwa limefagiliwa kama uwanja wa arusi.

"Umeona?" akaniambia. "Sasa linaonekana shamba. Na jivu lenyewe ni chakula."

Kwao Mkata ndivyo wafanyavyo. Unafyeka, unachoma, jivu linalisha mahindi, na shamba likichoka unahamia pengine, pori lipo. Mke mwenye shamba safi anasifiwa. Alikuwa ametuheshimu kwa namna aliyoijua.

Mama alifika nyuma yangu, akasimama kwenye migomba na mzigo wake kichwani. Hakuutua. Alitazama ule moshi mpaka nikaogopa. Mume wangu alipomwona akageuka haraka, akainama, akashika jembe. Na mama naye, adabu ikamshika, akavuta kaniki usoni akaingia ndani. Ala! Mali yake inaungua, naye anaficha uso!

Jioni akaniita. "Mwambie mkwe asichimbe kufuata mteremko. Achimbe kukingama. Mwambie taratibu."

Nikaenda nikamwambia. Taratibu. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alinisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Alipokuwa mdogo, masika moja yalikuja makubwa pale kwao, maji yakatuama mashambani, mihogo ikaoza ardhini yote. Walichimba mizizi ya porini. Mdogo wake wa kike alikufa mwaka huo. Baba yake, tangu hapo, akawa hachimbi tuta isipokuwa lenye njia ya kutolea maji. "Maji yakikaa," akasema, "mtu anakufa. Mimi siwezi kuyafungia maji juu ya nyumba ya mama yako. Tuta likivunjika je?"

Nikarudi kwa mama nikamwambia yote, na habari ya yule mtoto. Mama akasema pole, akasema masikini, halafu akasema, "Lakini hapa si Mkata." Nikaenda tena. Nikarudi tena. Nilikuwa nikikanyaga ule uwanja kwenda na kurudi na miguu yangu iliyovimba, kila mmoja ana haki yake, kila mmoja ananipa maneno mazuri ya kumpelekea mwenzake, na jembe likawa linaendelea kuchimba kutoka juu kwenda chini. Kama wangekaa pamoja kwa muda wa kumenya viazi wangeelewana. Mama angemshika mkono angemwonyesha. Yeye angeuliza hayo mabua yalikuwa ya nini. Nilimwambia mama, "Si useme naye mwenyewe!" Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo.

Alichofanya mama ni kusema na kuku. Hiyo ilikuwa njia yake. Anaketi kizingitini, mume wangu yuko shambani mahali pa kusikia, na yeye anamwambia kuku kwa sauti: "Wewe kuku, hebu niambie, maji yakipewa barabara iliyonyooka, yatakimbia au yatatembea?" Kuku anadonoa zake. "Eti? Yatakimbia! Na yakikimbia yataondoka mikono mitupu? Wewe kuku unayajua hayo, na ni kuku!"

Mume wangu alisikia, nilimwona masikio yanavyosimama. Lakini mkwe hapaswi kusikia yasiyoelekezwa kwake. Angejibu, angekuwa amezungumza na mama mkwe. Angebadilisha uchimbaji, angekuwa amekubali kwamba alisikia. Akakohoa, akaendelea kuchimba. Mimi nilicheka siku hiyo, nikaingia ndani nikaacha kucheka.

Tarishi wa jumbe alirudi kukagua. Alisimama chini, njiani, kivulini, akatazama juu. Matuta yalionekana, mengi, yamenyooka kweli. "Vyema," akasema, "nyie mmemaliza." Serikali ikawa imeridhika na sisi. Mume wangu akaja nyumbani anapiga mluzi. Mimi nikawa natazama mawingu upande wa Korogwe kila asubuhi, nikiyaona yanavyokusanyika.

Masika yalianza kwa upole, na upole huo ndio ulinitesa. Manyunyu ya asubuhi, jua, manyunyu ya jioni. Mahindi yakaota kwa lile jivu, rangi ya kijani iliyoiva, watu wakapita wakasifu. Mume wangu alikuwa akinionyesha mifereji iliyokuwa kati ya matuta yake: "Unaona maji hayatulii? Yanakwenda zao." Kweli yalikwenda. Nilikwenda nikachota kwenye mfereji kwa kata, nikayaacha maji yatuame. Chini ya kata kulibaki tope jeusi. Nikampelekea mama. Akalitia kidoleni, akalisugua, akalirudisha shambani kwa kukung'uta kidole. Siku hiyo hakula chakula cha mchana.

Mvua yenyewe ilikuja alasiri. Kwanza kukawa kimya, mbuzi wakagoma kutoka. Halafu nikaisikia inavyokuja kutoka upande wa Vugiri, sauti kabla ya maji. Ilipotupiga, sikuuona mlima. Nilisimama mlangoni kwetu nashika nguzo. Mifereji ile ilijaa mara moja, na kwa kuwa ilinyooka, kila mmoja ukawa kijito. Maji yalikuwa meusi. Yarabi, yalikuwa meusi ti! Yalishuka na mahindi, na mawe, yakapiga ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama.

Mume wangu alichukua jembe akakimbia juu. Nikamwona anachimba kwa nguvu zake zote, na moyo ukanipasuka nilipoelewa anachofanya. Alikuwa akiongeza kina cha mifereji. Aliona maji yamezidi, akataka yaondoke upesi zaidi. Alikuwa akiyaogopa yasije yakakaa.

Hapo mama akatoka. Kaniki imemshika mwilini, kichwa wazi, panga mkononi, akapanda mteremko ule ambao mwaka mzima alikuwa akiupanda kwa kupumzika. "Acha!" akapiga kelele. "Acha, baba! Usiyafungulie!"

Mume wangu akasikia sauti ya mama mkwe inamwita yeye. Mnajua alifanya nini? Alimpa mgongo. Mvua inamwaga, shamba linayeyuka miguuni pake, na yeye akasimama kumpa mgongo, mkono usoni, kwa adabu. Sijapata kuona jambo la kunikata maini kama lile. Nikaanza kulia kwa sauti pale mlangoni: "Mtazame! Mtazame, wewe mwanamume!"

Mama alimfikia. Akamshika bega, akamgeuza kwa nguvu. "Nitazame!" akamwambia. "Leo nitazame!" Akainama, akachota fumbato la udongo kwenye ubavu wa tuta, akalikandamiza kwenye kiganja cha mume wangu. "Huu ndio unaolisha! Huu mweusi! Ule mwekundu haulishi mtu! Mweusi juu, mwekundu chini, ndivyo Mungu alivyopanga, na wewe unaupeleka mweusi wote bondeni!"

Naye mume wangu alimtazama. Mimi niliona. Mtu mzima, mdomo wazi, maji yanamtiririka usoni, ameshika udongo.

"Nifanye nini, mama?" akauliza.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita.

"Migomba! Kata migomba!"

Akakimbia kwenye migomba ya mama, akaiangusha ovyo, yenye mikungu na isiyo na mikungu, akawa anaiburuta kwenda juu, na mama akawa anaonyesha pa kuilaza. Waliilaza kukingama mifereji, wakaikandamiza kwa mawe, wakarundika majani. Maji yakagonga yakapungua mwendo. Kisha yakaanza kupanda nyuma ya vigogo, na lile lilikuwa ndilo jinamizi la mume wangu. "Mama, yanajaa! Tuyape njia!" Mama akapiga kelele, "Wapi?" "Kule pembeni, kwenye nyasi! Kidogo kidogo!" Mama akatazama kule, akatazama maji, akasema, "Haya, chimba!" Wakachimba pamoja, jembe na panga, mpaka yakapata pa kutokea penye nyasi, pasipo na shamba.

Mvua ilipokatika walikuwa wamekaa chini kwenye tope, kila mmoja upande wake, wanahema. Mama akajitazama, akaona hana kitu kichwani. Akavuta kaniki. Mume wangu akageuza uso. Na hawakusemezana tena maisha yao yote.

Nusu ya chini ya shamba ilibaki. Nusu ya juu haikubaki. Asubuhi yake nilipanda nikaona wekundu mtupu, umechanika, unang'aa kama kidonda. Nikakumbuka ule mlango uliofungwa kwa kamba. Nusu ya shamba haiwezi kulisha nyumba mbili na mtoto anayekuja, na hilo halikuhitaji mtu wa kunieleza. Wazee waliitwa kwa habari ya mkwe kumtazama mama mkwe na mama mkwe kumshika mkwe. Wakasema mkwe alete kuku na kaniki mpya, yaishe. Akaleta. Yakaisha kwa wazee. Kwake hayakwisha. Akawa hali vizuri, hapigi mluzi, akipita kwenye kona anakohoa kwa sauti ndogo. Watani walianza upya. Nilijua anachowaza: kambi za mkonge ziko pale chini, kazi ipo siku zote.

Alfajiri moja nikapapasa kitandani, hayupo. Panga lake halipo. Nikatoka nje bila kujifunga vizuri, nikatazama njia ya Korogwe, sikuona mtu. Nikakaa kizingitini. Sikulia, nilikuwa nikipanga tu jinsi ya kumwambia mama kwamba amekwenda.

Ndipo nikasikia kikohozi.

Alitokea upande wa bonde, anapanda, tenga kichwani, maji meusi yanamchuruzika shingoni. Alipita kona ya mama kichwa kikiwa hakiwezi kuinama kwa ule mzigo, akapanda mpaka juu kabisa chini ya miamba, akamwaga. Tope jeusi. Lilikuwa limekwama kule kijitoni kwenye matete, ule ule udongo wetu, ameufuata ulikokwenda. Akashuka kuchukua tenga jingine. Nilimwambia, "Utaweza kuupandisha wote?" Akasema, "Sijui." Panga alikuwa amekwenda nalo kukatia matete.

Jua lilipochomoza mama akatoka, akaona lile rundo jeusi dogo juu ya wekundu. Akalitazama kwa muda. Halafu akamfukuza kuku aliyekuwa akielekea kule. "Wewe kuku, usiende kuparua pale. Pana mgeni." Na mume wangu alipokwenda zake kwenye kibarua, mama alipanda na mabua aliyoyaomba kwa majirani, akayalaza kukingama, chini ya lile rundo, akayabana kwa mawe.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Alfajiri tenga, mchana mabua. Yeye analeta, mama anazuia. Mwanzoni tulilala njaa, sifichi, nilimzaa mwanangu wa kwanza nikiwa nimekonda. Kila masika nilikuwa nasimama mlangoni nashika ile nguzo, nahesabu radi, naogopa. Amri ya matuta nayo ikaja ikachokwa na watu, tarishi akaacha kupita. Mume wangu hakuacha tenga lake. Watoto walijua kwamba baba yao ananuka tope asubuhi. Nilipokuwa nikimwambia sasa inatosha, shamba linazaa, alikuwa akitia kidole ardhini, anakitoa, anakitazama kilipoanzia wekundu, anasema, "Bado."

Mama alifariki kabla ya Uhuru, wakati wa maharage kuchanua. Alisema azikwe pale juu, chini ya miamba, penye shamba. Sisi wanawake tulikuwa ndani na maiti, nasikia majembe kwa mbali. Kisha nikasikia sauti zinapanda. Sauti ya mume wangu, mtu asiyepaza sauti. Mwanamke mmoja akaingia akaninong'oneza: "Mumeo anagombana na wachimba kaburi."

Leo? Kwa nini leo? Nikajifunga kanga, nikatoka nyuma ya nyumba mpaka mwisho wa ukuta, mahali ambapo mwanamke anaweza kuona bila kuwa amekwenda makaburini. Alikuwa amesimama kati ya vijana wenye majembe, mikono ameitanua, anawazuia. Pembeni ya shimo kulikuwa na marundo mawili. Nilidhani naona vibaya. La kwanza lilikuwa jeusi, na lilikuwa kubwa. Mahali pale palipokuwa wekundu mtupu, walikuwa wamechimba mweusi mpaka magotini ndipo wakaukuta mwekundu, na sasa walikuwa wakianza kutupa mwekundu juu ya mweusi.

"Msichanganye," alikuwa akisema. "Mwekundu huku. Mweusi huku. Mkifukia, mweusi uwe wa mwisho."

"Mzee, ni kaburi tu," kijana mmoja akamwambia. "Kuna tofauti gani?"

"Ipo. Mweusi juu. Aliniambia mwenyewe."

Vijana wakatazamana. Wakatenganisha.

Walipomaliza kuzika na dua ikaisha, watu wakaanza kuteremka. Yeye alibaki. Alichukua tenga lake, akajaza mweusi uliosalia, akalitwika, akaanza kulielekea kaburi aweke wa juu kabisa. Alipobakiza hatua chache akasimama.

Akakohoa.

Nikageukia ukuta wa mama, nikavuta kanga usoni, nikalia.